Mwalimu wa Baraza la Pamba

Jina lake siwezi kulitaja. Si kwamba limenipotea. Mimi majina hayanipotei, naweza kukutajia wote waliokuwa wakipanga foleni kuuza pamba pale ghalani, na majina ya ng'ombe waliowavutia mikokoteni. Ni kwamba jina lake ndilo jina la baba mkwe wangu, na kwetu Usukumani mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe, hata kama kaburi la mwenye jina limeshaota majani. Kwa hiyo miaka yote nilimwita Mwalimu, na yeye aliniita Ng'wana Masunga, yaani binti wa Masunga, kama anavyoniita kila mtu. Tukatosheka hivyo.

Ameshafariki, usingizini, mtu mzima aliyeshiba siku zake. Habari za ukoo wake waulizwe wanawe. Mimi nitasema ninachokijua, na la kwanza ni hili: nipo hai leo kwa sababu ya baraza lake. Nilikuwa mjane, macho yangu mekundu. Ni moshi tu, moshi wa kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba, maana kuni kwetu ni za kutafuta. Lakini huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kufanya kosa lolote ili aitwe mchawi. Anangoja tu mtoto wa mtu augue.

Baraza lenyewe lipo mpaka leo, ukitoka Bariadi unaliona kabla hujafika mtoni. Ni la ghala la zamani la pamba. Ghala ni refu, bati limeliwa na kutu, na upande wa mbele lina kivuli kirefu kilichoshikwa na nguzo za matofali, moja baada ya nyingine, mpaka macho yanachoka. Wakati wa msimu tulikaa humo na mafurushi yetu, mizani ikining'inia katikati, karani akiita majina. Sasa ndani ni popo tu na harufu ya mbegu zilizooza.

Palikuwa pazuri mpaka siku ya Nyanzobe. Nyanzobe alikuwa mjane wa Shigela, alifinyanga vyungu, macho mekundu kwa moshi wa kuvichoma, na vyungu vyake vilikuwa havipasuki, jambo ambalo watu walilisifu kwanza kabla ya kulishangaa. Ng'ombe wa Lugata walipokufa mfululizo, wanaume walikusanyika barazani siku ya mizani wakasema, mmoja mmoja, na wote wakasema kitu kilekile. Mwenyewe hakuitwa. Alikuwa kwenye foleni na furushi lake, akasikia jina lake likitajwa na watu waliompa mgongo. Hakuna aliyemgusa. Walimpimia pamba yake, wakamwambia aende nyumbani. Hakufika.

Baada ya hapo mizani ikaanza kusumbua. Ilining'inia tupu, lakini mshale haukutaka kurudi mwanzo. Ulisimama mbele kidogo, kama kuna furushi dogo limetundikwa. Fundi akaletwa kutoka mjini, akaifungua, akaifunga, akaondoka akijisifu. Asubuhi mshale ulikuwa palepale. Karani wetu Mhoja akasema anaumwa mgongo, akarudi kwao. Msimu uliofuata wanunuzi wakahamia kijiji kingine, wakasema barabara yetu mbaya. Barabara haikuwa mbaya.

Mwalimu alikuwepo siku ile ya Nyanzobe. Hakuficha hata mara moja. Alikuwa kijana aliyeacha seminari, amekuja kufundisha shule yetu, na wazee walimkalisha mbele kwa kuwa ni msomi. Hakusema lolote. Miaka mingi baadaye, kila mgeni aliyefika barazani aliambiwa hilo kabla hajaambiwa karibu. "Mimi nilikaa pale karibu na mlango," alikuwa akisema. "Ulimi nilikuwa nao."

Alipostaafu, mchana mmoja wa jua kali, tukamwona amebeba kiti chake cha nyumbani anaelekea ghalani. Hakuna mtu aliyekuwa akipita hapo kwa hiari yake. Alikaa peke yake, mikono magotini. Kesho yake tena. Mzee Ngassa, ambaye ulimi wake ulikuwa upupu, akasimama barabarani akamwuliza kwa sauti kama anauza pamba au anauza roho. Mwalimu akamwambia aje akae, atamtajia bei. Ngassa akaenda, eti akamcheke kwa karibu. Hakuondoka mpaka kivuli kilipohama upande wa pili.

Ndipo tukaanza kusikia habari za Athene.

Kanisani tulikuwa tukisomewa kuhusu Wastoiko wa mji huo, nami nilidhani ni kabila, kama Wataturu. Mwalimu akasema sivyo, wale waliitwa kwa jina la baraza walilokuwa wakikaa, maana baraza kwa Kigiriki ni stoa. Huko Ugiriki, zamani sana kabla ya Yesu, palikuwa na baraza refu pembeni ya soko. Mbele nguzo, nyuma ukuta, na ukutani wamechora picha za vita na kutundika ngao za maadui. Watu walinunua samaki wakaja kubishana kivulini. Kisha wakatawala watu wakatili, wakalifanya baraza lile mahali pa kuhukumia watu wafe, raia wa palepale, majirani. Wakatili walipoondolewa, baraza lilibaki limeingia ubaridi. Halafu akaja mgeni, mfanyabiashara mweusi mwembamba ambaye chombo chake kilizama na mali yote, akaanza kutembea humo, anakwenda anarudi, anaongea. Waliopenda kusikia wakamfuata. Hao ndio Wastoiko.

"Kwa nini hapo, na mji mzima upo?" Ngassa akauliza.

"Palikuwa pametulia."

"Pametulia kwa nini?"

"Waliouawa hawapigi kelele," Mwalimu akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikimenya karanga, maana wanawake tulianza kwenda kwa kisingizio cha kazi. Kwenye moto wa jioni wa wanaume, kule ambako vijana wa Kisukuma hufundishwa, mwanamke hakai. Barazani kwa Mwalimu tulikaa. Alisema hata Athene wanawake hawakuitwa, na kwa maoni yake hapo ndipo walipoharibu.

Holo, jirani yangu tuliyechota naye maji tangu tukiwa wake vijana, akauliza kama watu wale waliohukumiwa walizikwa. Mwalimu akafikiri, akasema hajui. Swali lile lilimkaa rohoni. Baada ya siku nyingi alimfuata Holo kisimani kumwambia kwamba bado hajui. Holo alishtuka akamwaga maji. Alikuwa ameshasahau kuwa aliuliza.

Na baraza lile sasa? Liko chini ya ardhi, alituambia. Mji umejengwa juu yake. Wamechimba shimo wakafika kwenye miguu ya nguzo, wamesimama hapo, na juu ya sehemu nyingine watu wanakula na kunywa bila kujua wamekalia nini. Alilisema hilo huku anagonga sakafu ya ghala kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Holo akanisogelea.

Akaamua na letu liwe na picha. Alisaga masizi, akachukua chokaa, akachota udongo mwekundu mtoni, akafunga kitambaa kwenye kijiti. Alisema sisi hatuna vita ya kujivunia, kwa hiyo atachora foleni. Akachora watu wakienda kwenye mizani, wote migongo, na bado tuliwatambua. Lugata kwa mguu wake mbovu. Mume wangu Sayi kwa kofia yake, nikalia kidogo. Wa mwisho akamchora Nyanzobe amekaa chini, yeye peke yake ametugeukia. Uso ulikuwa mtupu. Mwalimu alisema macho ndiyo waliyomshtaki nayo, hawezi kuwapa tena.

Siku moja tukakuta uso una macho. Udongo mwekundu, matone mawili. Mwalimu aliwauliza vijana wote, akawauliza watu wazima waliokuwa wanafunzi wake, hakuna aliyekubali. Akayaosha mwenyewe, akapaka chokaa juu. Mvua ya kwanza iliponyesha yakarudi, na safari hii hayakututazama sisi. Yalitazama pembeni, karibu na mlango. Mwalimu alitueleza vizuri kabisa kwamba udongo wa chini hupenya chokaa ikilowa, na kwamba unyevu hauendi mahali pamoja. Tuliitikia. Lakini tangu hapo hakukaa tena upande wa mlango.

Ndivyo alivyokuwa. Kila kitu alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na mahali yalipoishia. Alisema wafu hawasikii, lakini alipofika ghalani mchana, kabla hajaingia kivulini, alisimama akasema "mwadila," salamu yetu ya mchana, na hakuna mtu ndani. Ngassa akamkamata siku moja akamwuliza anamsalimia nani. Akasema anawasalimia popo. Ngassa akasema basi popo wamekuwa na adabu, maana wananyamaza kumsikiliza.

Shuleni alikuwa amechapa watoto vibaya sana. Nasema kweli, mkono wake ulijulikana. Barazani hakutaka mtu apandishe sauti. Masanja fundi baiskeli, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja kila siku kubishana naye juu ya lolote, jua likitoka anasema ni mwezi. Mwishoni Mwalimu akamwuliza amemkosea nini. Masanja akasema, fimbo za hesabu za darasa la nne. Mwalimu hakukumbuka. Akasimama mbele ya watu, akatoa mkono, akamwambia apige, zote anazozikumbuka. Masanja aliukamata ule mkono, akautazama ulivyokonda, akauachia. Akahamia upande wa wanaokubaliana naye, na Mwalimu alisikitika, kwa sababu hakuna aliyebishana vizuri kama Masanja.

Alikuwa mchoyo wa karanga. Alikuwa na shati moja jeupe alilolipenda kuliko haki. Alikula haraka kama mtu anayefukuzwa, halafu anakuja kutufundisha subira. Maneno yake watu wanayasema hadi sasa, wengine hawajui yametoka kwake. "Mvua si yako, jembe ni lako." "Hasira ni mgeni, mpe kigoda, usimpe kitanda." Mwaka pamba ilipoliwa na wadudu na Lugata akataka kujinyonga, Mwalimu hakumwambia neno la faraja. Alikwenda kwake asubuhi, akamwuliza, "Jembe liko wapi?" Wakalima wawili mpaka jua likawa kali. Lugata mwenyewe ndiye aliyetusimulia.

Lakini lililokuwa lake hasa ni sheria za baraza. Huruhusiwi kusema umekaa. Unasimama, unatembea kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, unarudi, ndipo unasema, ili neno likupitie miguuni kwanza. Na ukiwa na neno juu ya mtu, mtu huyo awepo. Unasimama mbele yake, unamtazama usoni, unamtaja jina, ndipo unalisema. Husemi kwa niaba ya mwingine. Wengine waliona ni mchezo wa mstaafu. Mimi niliona mara nyingi mtu amesimama na neno lake, anatembea, na akifika mwisho wa nguzo anakwenda zake nyumbani.

Sasa nifike kwenye langu.

Mwanangu Kabula aliolewa na Jilala, kijana mtulivu wa ng'ambo ya mto. Walipata binti, Limi. Alikuwa anaanza kutembea, anashika kila kitu. Nilimbeba mgongoni Jumapili, nikamrudisha kwa mama yake anacheka. Katikati ya wiki homa ikampanda, na hawakufika hospitali. Nilimzika mjukuu wangu, na kabla udongo haujakauka Makoye, kaka yake Jilala, alikuwa amekwenda kwa mganga mmoja huko nyuma ya Mwandoya. Mganga akasema ni mwanamke wa upande wa mama wa mtoto, anayetazama kwa macho ya moto.

Mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Salamu zilibadilika kwanza. Unasema "mwangaluka, ng'wanone," habari za asubuhi, ndugu, na mtu anaitikia akiangalia ndoo yake. Watoto wakawa kimya ninapopita, kimya kile cha kuku wanapoona kivuli cha mwewe. Asubuhi moja nikakuta tawi la mwiba limelazwa mlangoni. Sio limetupwa. Limelazwa. Holo akaniambia kisimani, bila kunitazama, kwamba nisilale peke yangu.

Mwalimu aliposikia alikwenda kwa Makoye akamwambia kama kuna neno, liletwe barazani. Makoye akakubali upesi, na hilo likaniogopesha zaidi. Nilimwambia Mwalimu, "Unanipeleka palepale."

"Palepale," akasema. "Nyanzobe alisemwa mgongoni. Wewe watakusema usoni."

Sikumwuliza kama kuna tofauti kwa anayekufa.

Ilikuwa mchana, jua la utosi, hata nguzo hazikuwa na kivuli. Watu walijaa mpaka barabarani na bodaboda zao. Nilikaa chini, nikagundua nimekaa chini ya picha ya Nyanzobe. Hakuna aliyenipangia. Ndipo palipokuwa na nafasi.

Makoye akaanza kusema. Mwalimu akamkatiza, akamwuliza mtoto alikuwa wa nani. Makoye akasema wa familia. Mwalimu akauliza tena, taratibu, kama anamwuliza mtoto wa darasa la kwanza, mtoto alikuwa wa nani. Basi Makoye akamsukuma Jilala mbele.

Hapa asiye wa kwetu anisikilize. Mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani. Tangu Jilala alipotoa mahari sikuwahi kuuona uso wake vizuri, wala yeye wangu. Tukikutana njiani aliingia kwenye pamba mpaka nipite. Akija kunisalimia alichuchumaa nyuma ya ukuta, akanipa mgongo, akasalimia, na mimi nikaitikia nikiwa ndani. Jina langu hajawahi kulitia mdomoni. Ni heshima, lakini ni zaidi ya heshima. Ni miko, na mtu anayeivunja hajui atakachokizaa baadaye.

Mwalimu akamwambia, "Tembea. Ukirudi, simama mbele yake, mtazame, mtaje jina, useme."

Jilala akatembea. Alikuwa amevaa viatu vya msibani, vilikuwa vinalia kwenye saruji, na tulivisikia vikienda mpaka mwisho, vikakaa kimya huko, vikaanza kurudi. Vikafika mbele yangu vikasimama. Nikaona vumbi kwenye kamba zake. Nami, bila kufikiri, nikavuta kanga nikafunika uso, maana hata mimi nina miko.

Baadaye walinieleza. Walisema alinyanyua kichwa ili anitazame, shingo ikakataa, macho yake yakapanda juu yangu ukutani, yakamkuta Nyanzobe. Akabaki anamtazama yeye. Midomo ilikuwa inacheza. Jasho lilimtoka likadondoka kwenye kanga yangu, hilo nililisikia mwenyewe, tone kwa tone.

Ngassa akaingilia. "Mwacheni kijana," akasema. "Mnataka amvue mama mkwe wake nguo mbele ya watu?"

Wazee wakaguna. Mmoja akasema ni kweli, jambo hili halifai, litaleta balaa kubwa kuliko tulilo nalo. Makoye akasema basi atasema yeye.

"Wewe ulizika mwanao?" Mwalimu akamwuliza.

Makoye akarudi nyuma. Na Jilala, akiwa bado anautazama ukuta, akasema neno moja tu. "Siwezi." Viatu vikaondoka, vikashuka barazani, vikaingia kwenye vumbi visisikike tena.

Watu walitawanyika kama waliotoka kanisani bila sadaka kukusanywa. Mwalimu aliyezoea kuzicheka mila zetu alikuwa ameegemea nguzo. Mpaka leo sijui kama alilijua tangu mwanzo kwamba mkwe hataweza, au kama alinitia kwenye hatari ile akitegemea nguzo zake tu. Nilikwenda kumshukuru. Akakataa shukrani.

"Neno halijafa, Ng'wana Masunga," akasema. "Limekosa mdomo tu. Limebaki humu ndani, linatembea."

Na kweli lilibaki. Hakuna aliyenigusa. Tawi la mwiba halikurudi. Lakini nilikaa kama mtu aliyesamehewa deni ambalo hakulikopa, kila mtu analikumbuka. Kabula na mumewe walihamia Mwandoya. Kabula hunipigia simu. Ananiuliza afya, ananiuliza mvua, na kabla ya kukata kuna mahali anapumua, nami najua anataka kuuliza nini, na hajauliza. Kuna siku mimi mwenyewe, nikijitazama kwenye maji ya ndoo, macho yale mekundu yakinitazama kutoka chini, nilijiuliza nilimbebaje Limi ile Jumapili, kama nilimshika vizuri, kama kuna kitu kilitoka kwangu bila mimi kujua. Neno lisilosemwa linafanya hivyo. Linamtafuta wa kulisema.

Kilichonipa nguvu ni kwamba Mwalimu hakuniuliza kamwe kama ni mimi. Miaka ikapita, tulikaa naye barazani, alinibania karanga kama alivyombania kila mtu, tukabishana juu ya wajukuu na simu zao, na hakuniuliza. Nilisema moyoni, huyu mmoja anajua. Mmoja anatosha.

Kisha akaugua. Kifua kilibana, chakula kikagoma kushuka. Hospitali walimpa dawa, akarudishwa nyumbani apumzike. Binti yake Minza, mwenye duka dogo mtaa wa Binza kule Maswa, akafunga duka akaja kumwuguza. Nilikuwa nje nachambua mboga, akaja akasimama mbali na kivuli changu.

"Mayu," akasema, yaani mama, "baba anakuita."

Nyumba ilikuwa na joto la bati. Alikuwa amekuwa mdogo, shati lake jeupe limetundikwa ukutani juu yake, pana kuliko yeye. Nikamsalimia. Akaitikia, akamwambia Minza atoke. Minza akatoka, pazia likaanguka nyuma yake.

"Kaa hapa nikuone," Mwalimu akaniambia.

Nikakaa. Akanitazama machoni muda mrefu. Ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kunitazama hapo.

"Siku ile sikukuuliza," akasema.

"Hukuniuliza."

"Watu walisema ni kwa sababu najua jibu. Haikuwa hivyo. Niliogopa." Akapumzika. "Nimewafundisha watu wasiogope, na kila siku nilipofika pale nilitazama kwanza umekaa wapi. Sasa nikifumba macho nakuona umefunika uso. Unataka kufunua. Sitaki ufunue."

Nikamwambia apumzike asijichoshe. Akanishika mkono. Vidole vilikuwa baridi, na chumba kilivyokuwa na joto.

"Kama ni wewe, mama," akasema, "niachie."

Mwalimu. Yule yule wa jembe na kigoda.

Ningeweza kusema si mimi. Ilikuwa kweli, Mungu ni shahidi. Lakini nilimwona atakavyolipokea. Atalilaza pembeni yake, atalipima, na mwishoni atasema, hata mchawi angejibu hivyohivyo. Ukweli wangu haukuwa na kazi kwake. Lililokuwepo lilikuwa neno moja tu la kumsaidia, nalo lilikuwa la uongo. Neno ambalo Jilala alishindwa kulisema, Makoye akanyimwa, Kabula analimeza kila akipiga simu. Mimi ndiye niliyebaki na mdomo wa kulisema. Na chini ya pazia niliona vidole vya miguu ya Minza, vimesimama, vinasikiliza.

Mkono wake ulikuwa unazidi kunikaza.

"Nimekuachia, Mwalimu," nikasema.

Akafumba macho. Pumzi ikamtoka ndefu, kama ng'ombe aliyeondolewa nira. Vidole vikalegea. Nikadhani amekufa, nikainamisha sikio, alikuwa amelala. Nilipotazama pazia, miguu haikuwepo.

Asubuhi nilisikia nje mbuzi analia. Nikafungua. Minza alikuwa amepiga magoti mbali, kwenye njia, na mbuzi jike mzuri, mweupe, bado mchanga. Barabarani watu waliokuwa wakienda shambani walikuwa wamesimama na majembe begani. Holo alikuwa miongoni mwao.

"Ameamka," Minza akasema akitazama chini. "Amekula ugali na mlenda, akaomba tena. Ametembea mpaka mlangoni. Amesema nikuletee huyu, na tunakushukuru."

Akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika ncha kabisa ya kamba, kwa vidole viwili, ili mkono wangu usifike kwenye wake.

Nikikataa, nimekasirika, na binti huyu atarudi nyumbani akitetemeka, akisubiri baba yake azidiwe kabla ya jioni. Nikipokea, nimekubali kuwa ni mimi, mbele ya kijiji kizima. Nilimtazama Holo. Holo akatazama jembe lake. Minza hakuinua uso. Mbuzi akavuta, kamba ikaanza kumtoka vidoleni, nami nikaipokea.